Mwaka Niliokaa na Waosha Viko

Mwezi uliopita wale wanaume wa viko waliniita Thika. Mwaliko ulikuja kwa simu, umepambwa maua ya dhahabu kama kadi ya harusi, na ndani yake nikatajwa kuwa "mwanachama mwanzilishi", cheo ambacho sikuwahi kukisikia wakati nilipokuwa nikiwachemshia chai. Nilienda kwa sababu moja tu: nilitaka kuona wamezeeka vipi. Wamezeeka vibaya. Mbugua, aliyekuwa katibu wao, amekatazwa moshi na daktari, kwa hiyo aliketi kwenye ukumbi wa hoteli akinyonya kiko kitupu kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Kinuthia, mwenyekiti wa wakati ule na wa sasa, maana hapajawahi kuwa na uchaguzi, amepaka nywele rangi nyeusi hadi ikamwingia masikioni. Bado anavaa koti zito la sufu kwenye joto la Thika. Wamepata na vijana, wanafunzi kutoka Juja wanaonunua viko vya zamani kwa bei ya chini mitandaoni, wanapiga picha wamefumba jicho moja kwenye moshi, kisha wanakohoa picha ikishapigwa.

Ukutani palikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, na juu yake viko vimepangwa, kila kimoja na kadi yake. Kimoja nilikitambua kabla sijafika karibu. Kilikuwa kidogo, kinene, cha rangi ya kahawia, kimesuguliwa hadi kinang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Kadi ilisema: "Zawadi ya mjane mwenye shukrani, Ruiru." Kijana mmoja aliniona nimesimama pale akanisogelea kwa heshima.

"Madam, hiyo ndiyo best piece yetu. Chairman ametushow story yake. Ati huyo mama alikuwa happy mpaka akalia."

"Hakulia," nikamwambia. "Aliwapakulia kuku."

Akacheka, akidhani nimefanya mzaha. Sikumlaumu, kwa kuwa uongo alilishwa na mtu mzima. Lakini nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua bado ninayo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiutafuna mwaka ule. Mjane mwenyewe hayupo tena wa kujieleza, na hata angekuwepo, asingejisumbua na watu kama hao. Mimi nitajisumbua.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda Thika, na nilikuwa nimepanga chumba Gitothua, Ruiru, kwenye ploti ya Mama Nduta. Chumba changu kilipakana na jiko lake, ukuta mmoja wa mbao, kwa hiyo nilijua anapika nini kabla ya sufuria kufunikwa, na yeye alijua nimelala njaa kabla sijamwambia. Mumewe, Baba Nduta, alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa. Alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla mimi sijahamia pale. Nilichokikuta kwa Mama Nduta ni Jumapili zake. Tukitoka kanisani alikuwa akiniita kula, na meza ikishatandikwa, mukimo ukiwa bado unatoa mvuke, alitoa kabatini mkebe wa majani ya chai, akaufungua, akaingiza pua, akavuta pumzi taratibu macho yamefumbwa, akanipitishia na mimi, kisha akaufunga. "Haya, mzee amekaa," alisema, ndipo tukala. Ndani ya mkebe mlikuwa na kiko. Meneja Mzungu wa shamba alikuwa amemwachia Baba Nduta kiko hicho siku ya kuondoka kwake, na yeye alikivuta maisha yake yote yaliyobaki kwa kiraiko, ile tumbaku kali ya majani ambayo kina mama huuza sokoni ikiwa imesokotwa. Kiko kilikuwa kichafu kupindukia. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi mnene, umebakiza tundu la kutosha kidole cha mtoto, na mdomo wake mweusi ulikuwa umeng'atwa hadi meno ya marehemu yangeweza kuhesabiwa. Harufu yake ilikuwa moshi, jasho, mafuta ya trekta na kitu kitamu kwa mbali. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiweke picha mezani badala ya kiko.

"Picha ni ile ya kitambulisho tu, na hata hafanani," akasema. "Nguo nilipea watu. Hii ndio imebaki na yeye."

Viko nilivijua tayari, ndiyo sababu sikushtuka. Mapema mwaka huo nilikuwa nimeingia kwenye duka la Mzee Sohan pale Thika kutafuta kiti cha bei rahisi. Mzee Sohan alikuwa Singasinga aliyezaliwa Thika na kuzungumza Kikuyu kizuri kuliko changu. Kazi yake ilikuwa kununua vyombo vyote vya nyumba za mashambani walowezi walipohama au kufa: vitanda, vioo, mashine za kukata nyasi, birika za fedha zilizobonyea. Viko alivitupa kwenye karai karibu na mlango. Dini yake haimruhusu tumbaku, kwa hiyo alipotaka kunionyesha kimoja alikishika kwa kipande cha gazeti, kama mtu anayeokota panya. "Chagua mwenyewe, dada," akasema. "Mimi sivigusi." Nilichagua kimoja kilichonyooka, chepesi, na nikasahau kiti. Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Viko vile vilichongwa kutoka mzizi wa kichaka cha Ulaya wanachokiita braya, mti usioungua kwa urahisi, na mkono wangu ulikizoea. Nilikivuta peke yangu chumbani, nikaunguza ulimi wiki nzima, kisha nikajifunza kwenda pole pole. Nilikipenda. Nasema hivi ili mtu asifikiri nachukia viko. Ninaowadharau ni waliovishika.

Kinuthia alinikuta mbele ya karai lile mara ya tatu nilipoenda. Alikuwa mwalimu wa chuo, mrefu, mwenye sauti ya kutangaza habari hata akiagiza soda. Alishangaa kuona msichana akichungulia ndani ya kiko kwa kukielekeza kwenye mwanga, akanikaribisha kwenye chama chao. Walikutana Jumamosi alasiri nyumbani kwake, nyumba ya zamani yenye dari ya juu na mahali pa moto pasipowahi kuwashwa, wanaume wanne wasiofika miaka thelathini na tano wakiitana "mzee". Walivuta tumbaku ya mkebe kutoka Nairobi, yenye harufu ya keki. Walikaa saa nzima juu ya lenzi wakibishana kuhusu muhuri uliochapwa kwenye shingo ya kiko, kama ni wa kiwanda hiki cha London au kile, na kama herufi fulani imepinda. Wote walikuwa wamezaliwa kwenye nyumba zenye moshi wa kuni, lakini ungewasikia ungedhani wamekuja juzi kwa meli. Mmoja aliwahi kusema, "Mzee wa kweli anaonekana kwa kiko chake," na babu yake alikuwa hai Gatundu, akinusa ugoro. Msichana aliyefanya kazi kwa Kinuthia aliingia na kutoka na sinia, na kwa muda wote niliokaa nao hakuna aliyelijua jina lake. Baada ya wiki chache alienda likizo, na sinia likanijia mimi bila mtu kusema lolote.

Walikuwa na desturi moja waliyoipenda kuliko zote. Kiko chochote kilichotoka kwa marehemu, na karibu vyote vilitoka kwa marehemu, hakikuvutwa kabla ya "kuosha maiti". Hivyo ndivyo walivyoita. Kwanza walikwangua ukoko wa ndani kwa kisu maalumu hadi mti ukaonekana. Kisha walijaza bakuli la kiko chumvi, wakamimina spiriti, wakakiacha kimesimama kwenye katoni ya mayai hadi kesho yake, na chumvi ikageuka rangi ya chai kwa kunyonya lami ya miaka. Mwisho walipasha mdomo wa kiko joto ili alama za meno zivimbe, wakasugua kwa msasa na mafuta hadi ungedhani hakuna aliyewahi kuung'ata. Kiko kilitoka hapo kikiwa hakina mwenyewe. Kwa viko vya karai hilo halikuwa na ubaya, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiwasubiri walowezi wale warudi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa vyangu. Lakini wao waliipenda ile kazi zaidi ya kuvuta. Walinyanyua chumvi iliyochafuka wakaionyeshana, na mwenye chafu zaidi alipigiwa makofi.

Na bado nilikuwa tayari kuolewa na mwenyekiti wao. Watu wanaoniuliza kwa nini nilichelewa kuolewa hawajui hili. Kinuthia alikuja Gitothua kunitembelea, alivua kofia mlangoni, aliniletea mikate ya Thika ambayo haikuwa tofauti na ya Ruiru, na alisema mwisho wa mwaka angetuma wazee nyumbani kwetu. Nilikubali. Alikuwa na nyumba, alikuwa na maneno, na nilidhani mwanaume anayetunza vitu vya kale kwa uangalifu vile atajua kutunza mtu. Ulikuwa ujinga wa kawaida wa umri ule, na siuombei msamaha.

Jumapili moja Mama Nduta alimkaribisha kula nasi. Alitaka kumwona vizuri, kwa vile mimi nilikuwa kama mwanawe. Alipika githeri yenye viazi na nyama, akatandika kitambaa, kisha, kama kawaida, akatoa mkebe. Alipokinyanyua kiko ili anuse, mdomo wa kiko uliteleza ukaanguka kwenye sahani. Ulikuwa umelegea kwa siku nyingi, na mimi nilikuwa nimeuona. Mama alishtuka kweli, akauokota na kuushika kifuani. Kinuthia naye alishtuka, lakini kwa jambo lake. Alikuwa ameona muhuri chini ya uchafu.

"Mama, niruhusu nikione," akasema. Akakipeleka dirishani, akalamba kidole akafuta shingo ya kiko. "Hiki ni kitu kikubwa. Mama hajui alicho nacho."

"Najua," Mama Nduta akasema.

"Kimelegea. Nipe nikutengenezee. Hii ndiyo kazi yangu."

Mama aliniangalia mimi kwanza. Nikamwambia kwamba kulegea kule kunaweza kurekebishwa, na ilikuwa kweli, ni kazi ya nta kidogo na subira. Akamgeukia Kinuthia. "Shika hapo kwa mdomo tu, mwalimu. Ndani usiguse. Hata usipanguse. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Na mimi nilirudia nilipomsindikiza hadi barabarani. Nilimweleza kuhusu mkebe, kuhusu Jumapili, kuhusu picha ya kitambulisho isiyofanana. Nilimwambia kwa maneno yasiyo na kona kwamba ukoko ule ndio mali yenyewe, kiko ni ganda tu. Alinipigapiga begani. "Wanjiru, mimi si fundi wa baiskeli," akasema. Nilidhani ni jibu.

Jumapili tatu tukala bila mkebe. Mama Nduta alipomaliza kutandika alisimama kidogo kando ya kabati, kisha akakaa. Jumapili ya nne Kinuthia alituma habari kwamba atakuja, na hakuja peke yake. Alileta chama kizima, wanne katika makoti yao, wakaingia wakiinama kwenye mlango mfupi wakajibana kwenye viti vya Mama. Baadaye nilijua kwamba siku iliyotangulia walikuwa wamekaa wakaamua kwamba ile ndiyo kazi bora ya mwaka, na walitaka kuona uso wa mwenye kiko akikabidhiwa. Mama alikuwa amechinja kuku na kupika chapati. Nilikuwa nikigawa maji ya kunawa Kinuthia alipotoa kitambaa cha manjano mfukoni, akakifungua mkunjo mmoja mmoja, kama mtu wa kiinimacho.

Niliona kabla Mama hajaona. Kiko kiling'aa. Mti uliokuwa mweusi ulikuwa mwekundu wenye mistari, mzuri kweli, sitadanganya. Mdomo ulikuwa mweusi laini kama kifungo kipya, hauna jino hata moja.

"Mama," Kinuthia akaanza, kwa ile sauti yake ya habari, "kiko hiki kilikuwa kinakufa. Ukoko ungekipasua. Nimekwangua wote, nikakiwekea chumvi na spiriti, si mara moja, mara mbili, hadi chumvi ikatoka nyeupe. Wenzangu hapa ni mashahidi."

"Mara mbili," Mbugua akasema. "Ile ya kwanza ilitoka kama kahawa. Tumeosha maiti mpaka ikataka kuamka."

Wakacheka, wote wanne, katika nyumba ya mjane, na maji ya kunawa yakiwa mkononi mwangu. Mama Nduta hakuonyesha kama amesikia. Alikipokea kiko kwa mikono miwili, akakiingiza puani, akavuta pumzi. Akakigeuza, akanusa upande wa mdomo. Akapitisha kidole gumba pale meno yalipokuwa. Wanaume walimtazama wakitabasamu.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni hicho hicho chenu, mama," Kinuthia akasema kwa furaha. "Hata wewe hukitambui."

"Na ile ulitoa ndani. Uliweka wapi?"

Hapo nilitarajia kwamba Kinuthia ataelewa. Swali lilikuwa wazi, na mtu mwenye akili ya kawaida angeomba ardhi impasukie. Yeye alilichukulia kuwa ni swali la ufundi. "Nilimwaga kwa sinki, mama," akasema. "Uchafu mtupu. Usijali, hautakusumbua tena."

Mama Nduta alikiweka kiko mapajani. Kisha akakikunja ndani ya kitambaa cha manjano, vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. "Basi chukua, mwalimu," akasema. "Hii ni yako."

Alikichukua. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimewaona watu wakifanya mambo ya aibu kwa ajili ya mashamba na vyeo, lakini sijamwona mtu akijidhalilisha vile bila kujua. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema hana la kusema, kisha akasema mengi. Mbugua alipiga makofi. Mama Nduta alienda jikoni akarudi na sufuria, akawapakulia kuku, kila mmoja kipande kikubwa, mwenyekiti akapewa paja. Walikula hadi mifupa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mwenye nyumba hali.

Jioni Kinuthia aliniita nje ya lango, wenzake wakiwa mbele. "Umeona alivyoguswa?" akasema. "Watu wa kawaida wanajua thamani ukiwaonyesha."

"Usitume wazee," nikamwambia.

Alinitazama, akafikiri, na nikaona anafikia jibu. Alitabasamu kwa upole, kama anavyotabasamu mwalimu kwa mwanafunzi aliyenuna kwa kunyimwa zawadi. "Kama ulikitaka wewe, ungesema," akasema. "Tukioana kitakuwa chetu."

Nilirudi ndani nikafunga lango, na sikukanyaga tena nyumba yake. Aliwaeleza wenzake kwamba wivu wa viko ulinishika, na mwezi uliopita, pale hotelini, Mbugua aliniuliza kama bado nimewakasirikia kwa sababu ya "kale kakiko". Kwa hiyo ndivyo wanavyojua hadi leo. Wana lenzi ya kusoma herufi iliyopinda kwenye shingo ya kiko, lakini mwanamke aliyekaa mbele yao hawakuweza kumsoma.

Kesho yake nilitoka kazini mapema, nikashuka sokoni Ruiru, nikanunua kiraiko kwa yule bibi ambaye Mama Nduta aliwahi kunionyesha, aliyekuwa akimuuzia Baba Nduta. Sikujua kama nafanya jambo la maana au nazidisha matusi. Nilimkuta Mama ameketi mezani, hajawasha taa ingawa giza lilikuwa linaingia, na mbele yake pameandaliwa chai ambayo hakuinywa. Nilitoa kiko changu kilichonyooka, nikakatakata majani kwa kisu cha mboga, nikajaza.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nataka kuvuta hapa ndani, kama utaniruhusu."

Hakuniruhusu wala hakunikataza. Nikawasha. Kiraiko ni kikali, si kitu cha kuvutwa na mtu aliyezoea tumbaku ya mkebe, na macho yalinitoka machozi mara moja. Nilikohoa, nikavuta tena. Moshi ulipanda, ukakaa chini ya mabati, ukaanza kushuka kwenye kitambaa cha meza, kwenye makoti yaliyotundikwa, kwenye nywele zake. Mama Nduta alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona kifua chake kikipanda, kikisimama, kikishuka, kisha kikipanda tena. Kiko kilikuwa kinakaribia kuzimika.

"Sio yeye," akasema mwishowe.

Nikakishusha, nikatafuta pa kumwaga majivu.

"Hapana," akasema, hajainua kichwa. "Vuta tu. Usizime."